Leibniz na Ile S Ndefu

Nilipokuwa Kidato cha Nne, nikiona ile alama ya intigresheni, S iliyovutwa juu na chini, jasho lilinitoka. Nilikariri tu: weka namba ya juu, weka ya chini, kisha toa. Kwa nini tunatoa? Sikujua, na kuuliza niliona haya. Jibu nililipata katika maisha ya aliyeibuni alama hiyo.

Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1646. Babake alifariki yeye akiwa na miaka sita, akamwachia vitabu vingi. Alisomea sheria, si hesabu! Mwaka wa 1672 alitumwa Paris kwa mambo ya siasa. Huko mwanahisabati Christiaan Huygens akampa swali: jumlisha 1 + 1/3 + 1/6 + 1/10, na kuendelea bila kikomo. Leibniz akagundua kwamba 1 ni 2/1 kutoa 2/2, 1/3 ni 2/2 kutoa 2/3, na kadhalika. Ukijumlisha, za katikati zote hufutana. Jibu likawa 2.

Siri ndiyo hiyo, jamani. Jumla ya mabadiliko madogo madogo ni mwisho kutoa mwanzo. Si mnamjua msomaji wa mita ya maji? Hahesabu kila tone. Huchukua namba ya leo, akatoa ya mwezi uliopita, basi. Vivyo hivyo, x² hubadilika kwa kasi ya 2x. Kwa hivyo eneo lililo chini ya mstari y = 2x, kutoka 1 hadi 3, ni 9 kutoa 1, yaani 8.

Alama yenyewe aliiandika Oktoba 1675: S ya summa, Kilatini cha jumla. Newton wa Uingereza alikuwa ametangulia kugundua, lakini hakuchapisha. Leibniz akachapisha 1684 na 1686. Ugomvi ukazuka! Mwaka wa 1712 kamati ya Royal Society, ambayo rais wake alikuwa Newton mwenyewe, ikampa Newton ushindi. Ati mchezaji awe ndiye refa! Leibniz alifariki Hanover mwaka wa 1716, doa hilo halijafutika.

Leo wanahistoria wanakubali kwamba kila mmoja aligundua kivyake. Na alama tunayoandika ubaoni ni ya Leibniz.

Basi mwenzangu, usikariri tu kama nilivyofanya. Inua mkono, uliza. Kuuliza si ujinga.