Arthur Berson, Mpimaji wa Pepo za Juu

Mtoto wa Matemwe hana haja ya kufundishwa kwamba pepo zina zamu. Tangu udogo wake huona ngalawa zikielekea Mnemba, akasikia wazee wakihesabu siku za kusi na za kaskazi. Tena amesikia habari za majahazi ya zamani, yaliyoletwa Unguja na kaskazi kutoka Arabuni, yakarudishwa kwao na kusi. Lakini juu ya tanga, juu ya minazi, juu hata ya mawingu, upepo wavumaje? Swali hilo ndilo lililomshughulisha Arthur Berson, likampeleka mpaka bahari ya barafu, kisha likamleta Afrika ya Mashariki.

Berson alizaliwa mwaka 1859 katika mji ambao siku hizi uko Poland, nao waitwa Nowy Sącz. Alifanya kazi Ujerumani pamoja na mtaalamu Richard Assmann, aliyetaka hewa ya juu ipimwe kwa vyombo, isikisiwe tu. Wakati huo ndege hazijatengenezwa bado. Njia ilikuwa puto, yaani mfuko mkubwa sana uliojazwa gesi nyepesi, na chini yake hutundikwa kikapu cha kuchukua watu. Tarehe 4 Desemba 1894 Berson alipanda peke yake, akivuta oksijeni kwa mpira, akafika urefu wa mita 9,155. Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, hauzidi mita 5,895. Huko juu alisoma kipimajoto chake, akakuta baridi ya digrii 47 na zaidi chini ya sifuri.

Safari iliyokaribia kumwua ni ile ya tarehe 31 Julai 1901. Alipanda kutoka Berlin pamoja na Reinhard Süring. Walipopita mita 10,000 usingizi mzito uliwaelemea, maana oksijeni haikuwatosha tena. Berson alimwona mwenzake amelegea, naye mwenyewe nguvu zamwishia. Alijikaza akavuta kamba ya kufungulia gesi ili puto lishuke, kisha naye akazimia. Puto likashuka na watu wawili wasiojitambua. Walipozindukana walikuwa kwenye mita 6,000 hivi, nao wazima. Urefu waliofika ulikisiwa kuwa mita 10,800, na kwa miaka mingi hakutokea mtu wa kuupita. Lakini sifa hiyo ni jambo dogo. Kubwa ni tarakimu walizorudi nazo, maana ziliwasaidia wataalamu kuzisadiki habari zilizoletwa na maputo yasiyo na watu. Mwaka 1902 Assmann, na Teisserenc de Bort wa Ufaransa, walitangaza kwamba ukipita kilomita 10 au 11 juu ya Ulaya, baridi haizidi tena. Tabaka hiyo ya hewa ndiyo stratosfia.

Mwaka huo huo Berson na mwenziwe Hermann Elias walikwenda kwa meli mpaka visiwa vya Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazi ya dunia. Walirusha tiara, si za karatasi kama zile za watoto, bali kubwa, zenye umbo la sanduku, zikivutwa kwa waya wa chuma. Upepo ulipolala, meli ilikwenda mbio ikajifanyia upepo wake. Chombo kilichofungwa kwenye tiara kilijiandikia chenyewe joto na unyevu wa hewa. Baadaye, mwaka 1911, Wajerumani walijenga huko kituo, watu wakapima hewa hata katika miezi ya baridi ambayo jua halichomozi kabisa.

Basi mwaka 1908 wawili hao walikuja Afrika ya Mashariki, wakafanya kazi katika ziwa la Victoria. Ziwa lilikuwa na faida yake: chombo kikianguka porini chapotea, lakini puto likielea juu ya maji laonekana kwa mbali, na meli yaweza kulifuata. Matokeo yaliwashangaza wengi. Juu ya ziwa hilo, panapopita Ikweta, walikuta baridi ya zaidi ya digrii 80 chini ya sifuri, kali kuliko ile Berson aliyoionja mwenyewe juu ya Ulaya. Na huko juu kabisa upepo ulitoka magharibi.

Hapo pakazuka mashaka. Mwaka 1883 mlima wa moto Krakatoa ulipasuka, na vumbi lake likazunguka dunia kwa upepo wa mashariki. Je, nani amekosea? Hakuna aliyekosea. Katika miaka ya 1960 na 1961 wataalamu walionyesha kwamba pepo hizo zapokezana, mara za mashariki, mara za magharibi, kama kusi na kaskazi. Ila kusi na kaskazi humaliza mzunguko wao kwa mwaka mmoja, na hizo huchukua miezi 28 hivi. Tena zaizunguka dunia yote karibu na Ikweta, hata anga ya juu ya Unguja.

Berson hakuyajua hayo, kwa kuwa alikwisha kufa Berlin mwaka 1942. Lakini pepo za magharibi alizozikuta juu ya ziwa ziliitwa kwa jina lake.