Rumaliza wa Ujiji: Nani apokonywe bunduki, nani aachiwe?

Ndugu msomaji, kila yanapotokea mauaji ya risasi huko Marekani mjadala ule ule huzuka upya. Wapo wanaosema raia wapokonywe bunduki ili watu wakae salama. Wapo wanaowajibu kuwa raia asiye na bunduki hana la kufanya siku serikali yake itakapogeuka dhalimu, na hushikilia kifungu cha silaha kilichoongezwa katika katiba yao mwaka 1791. Mjadala huo hutufikia na sisi, nami nimewasikia vijana wetu misikitini na vibarazani wakiubishania kana kwamba ni jambo la Wamarekani peke yao.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika suala hili tulikwishapitishwa ndani yake zaidi ya miaka 130 iliyopita, na aliyetupitisha ni mtu mmoja ambaye jina lake hadi leo linatajwa kwa woga na baadhi ya watu na kwa fahari na wengine. Mtu huyo ni Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza.

Rumaliza alizaliwa Lindi yapata mwaka 1855, katika ukoo wa Barwani, ukoo wa asili ya Oman uliokuwa na nguvu katika mji ule wa kusini. Kama vijana wengi wa pwani wa zama zake alifuata misafara ya bara kutafuta pembe za ndovu. Safari kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, miezi kadhaa njiani, na hapakuwa na msafara uliothubutu kwenda bila bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 tunamkuta Ujiji, akiwa mshirika wa Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yule tunayemjua kwa jina la Tippu Tip.

Wakati huo mkubwa wa Ujiji alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa pwani aliyekaa ziwani miaka mingi na kuelewana na wenyeji. Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885, na baada yake hapakuwa na mwenye nguvu ziwani kumshinda Rumaliza. Mitumbwi na majahazi yake yalivuka hadi Mtowa upande wa magharibi, yakapanda hadi Uzige kaskazini, kule ilipo Bujumbura ya leo. Jina lenyewe la Rumaliza lina maana ya mtu anayemaliza, asiyebakisha kitu nyuma yake.

Hapa lazima tuwe wakweli. Wapo Waislamu wanaopenda kumsimulia Rumaliza kama mujahidina aliyepigana na makafiri, basi. Na vitabu vya wamishionari vimemwandika kama shetani, basi. Ukweli ni kwamba bunduki za Rumaliza zilichoma vijiji. Zilikamata watu wa Manyema na wa kandokando ya ziwa, wakafungwa minyororo, wakabebeshwa pembe. Wengi wetu tulio Ujiji, Kigoma na hata Dar es Salaam tunaojiita Wamanyema, babu na bibi zetu walivuka ziwa hili katika zama hizo, wengine kwa hiari na wengine shingoni wana kongwa. Dini yetu imeharamisha kumfanya mtumwa mtu huru aliyezaliwa na mama yake, na kuvamia kijiji kilicholala ili upate wapagazi si jihadi. Kulificha hilo si kuitetea historia ya Uislamu.

Zaidi ya hayo, bunduki hazikumpa Rumaliza kila alichotaka. Katika miaka hiyo ya 1880 alitaka kuingia Burundi. Mwami Mwezi Gisabo hakuwa na shehena za baruti. Alikuwa na watu wenye mikuki na pinde, lakini walikuwa watu wake, wenye kumtii na wenye nchi yao ya kuipigania. Wakamrudisha Rumaliza na magobori yake hadi ufukweni. Ndugu msomaji, kiweke kisa hiki akilini, maana tutakirudia.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kila mwaka kupitia soko la Unguja. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata bunduki mpya. Mwaka huo huo Kadinali Lavigerie, Mfaransa aliyeanzisha shirika la White Fathers, alikuwa akizunguka miji ya Ulaya akihubiri vita dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17 yakatia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa, risasi na baruti katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Magobori ya jiwe na baruti hafifu yaliweza kuruhusiwa kwa masharti. Ukaanza kutumika mwaka 1892.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli. Bunduki ndiyo iliyokuwa ikilisha biashara ya watumwa, na Rumaliza ni shahidi wa hilo. Lakini soma vizuri masharti yake. Marufuku hayakuzigusa bunduki za serikali za kikoloni wala za askari wao. Mmoja wa waliotia sahihi ni Dola Huru ya Kongo, ambayo haikuwa huru kwa yeyote isipokuwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, maana ilikuwa mali yake binafsi. Zanzibar nayo imo katika orodha ya waliotia sahihi, katika mwaka ule ule ilioingizwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Hivyo ndivyo ulivyokuwa udhibiti wa silaha wa mwaka 1890: mkono mmoja ulivuliwa, mwingine ukavishwa zaidi.

Hata wamishionari ziwani walikuwa na bunduki. Kule Mpala, ng'ambo ya ziwa, alikuwapo Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyefundisha kikosi cha wenyeji kulinda misheni. Mwishoni mwa 1891 akaja Kapteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa cha nchi yake, akajenga ngome aliyoiita Albertville. Mji huo leo ni Kalemie. Rumaliza aliona wazi kuwa ngome ile haikujengwa kwa ajili ya watumwa peke yao. Mwaka 1892 watu wake wakaizingira kwa miezi mingi. Hawakuweza kuivunja.

Wakati huo huo vita vikawaka Manyema. Tippu Tip alikwisharudi pwani, akamwacha mwanawe Sefu bin Hamed. Upande wa Leopold aliongoza Francis Dhanis, na bahati kubwa aliyoipata Dhanis haikuwa mzinga wala bunduki. Ilikuwa mtu aitwaye Ngongo Lutete. Huyu alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakua chini ya mabwana wa Manyema, akawa jemadari wao mwenye maelfu ya watu wenye silaha. Mwaka 1892, baada ya kushindwa na Wabelgiji, akahamia kwao. Watu waliotiwa bunduki mkononi ili wawakamate wenzao, sasa bunduki zile zile wakawageuzia waliowapa. Nyangwe ikaanguka mwezi Machi 1893. Kasongo ikaanguka Aprili.

Rumaliza alivuka ziwa kutoka Ujiji na jeshi lake kwenda kusaidia. Oktoba 1893 alipigana vita vikali, na kamanda mmoja wa Wabelgiji, Ponthier, akafa kwa majeraha yake. Upande wa pili Sefu naye aliuawa. Rumaliza hakuwa mwoga wala hakuwa mjinga wa vita. Alijua kujenga boma la magogo na mahandaki ambalo bunduki za kawaida hazikulitoboa. Lakini Wabelgiji walileta mzinga wa Krupp. Januari 1894 kombora likaangukia ndani ya boma lake, moto ukashika, watu wakafa wengi, na siku chache baadaye waliobaki wakasalimu amri. Rumaliza mwenyewe aliponyoka, akavuka hadi upande wa Wajerumani.

Kule Kongo watu waliombewa ukombozi wakaupata ukombozi wenyewe. Leopold alitaka mpira. Kijiji kilichoshindwa kuleta mpira kilipelekewa askari wenye bunduki za serikali, na askari alidaiwa hesabu ya kila risasi: aliyefyatua alitakiwa alete mkono wa kulia wa aliyeuawa, kuthibitisha kuwa risasi haikupotea kwa kuwinda nyama. Wengine walikatwa mikono wakiwa hai ili hesabu itimie. Dhulma hiyo iliendelea hadi dunia ilipopiga kelele na Leopold akanyang'anywa Kongo mwaka 1908. Hata Ngongo Lutete hakufaidi. Septemba 1893 Wabelgiji wale wale aliowapigania walimtuhumu usaliti wakampiga risasi.

Na huku kwetu Ujiji, mwaka 1896 Wajerumani walijenga kituo chao cha jeshi. Mzee wa bunduki zote hakuwa na mahali tena ziwani. Akarejea pwani, akavutana na Tippu Tip mbele ya Wajerumani juu ya mali ya ushirika wao wa zamani, kisha tunamkuta Unguja.

Mwisho wa habari zake ndio unaonishangaza mimi kuliko vita vyote. Mwaka 1905 Lindi, mji aliozaliwa, ilikumbwa na vita vya Maji Maji. Watu walisimama mbele ya bunduki za rashasha wakitegemea dawa ya maji, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa iliyofuata. Miaka isiyozidi mitatu baadaye, mwaka 1908, Wajerumani wakashtuka tena. Safari hii haikuwa bunduki. Ilikuwa barua iliyosemekana kutoka Makka, ikisomwa misikitini Lindi na miji mingine, ikiwataka Waislamu warudi kwenye ibada na wajitenge na wasioamini. Wapo wanahistoria waliofuatilia njia ya barua ile wakaifikisha Unguja, mikononi mwa Rumaliza, ambaye wanamhusisha na tarika ya Qadiriyya. Serikali yenye mizinga iliwasaka masheikh kwa sababu ya karatasi.

Turudi kwenye mjadala wetu. Anayesema raia akiwa na bunduki basi dhulma haipiti, namwomba amtazame Rumaliza. Alikuwa nazo kuliko mtu yeyote ziwani, lakini alizitumia kuwadhulumu wale wale ambao siku ya dhiki angewahitaji wasimame naye. Mwezi Gisabo hakuwa na bunduki, lakini alikuwa na watu. Na anayesema serikali ikusanye bunduki zote, basi amani imepatikana, namwomba asome Mkataba wa Brussels kisha atazame mikono ya watu wa Kongo.

Hili si la kale tu. Sisi wa Kigoma tumeona vita vya Burundi vilivyoanza 1993 na vya Kongo vilivyoanza 1996 vikitumwagia wakimbizi, na nyuma yao bunduki za kivita. Ilikuwapo miaka ambayo basi la Kibondo halikuondoka bila askari wa kulisindikiza kwa kuhofia majambazi. Kwa hiyo mimi siungi mkono kila mtu ajifungie bunduki chumbani. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo ndogo katika Maziwa Makuu ni jambo jema, na tofauti yake na Brussels ni kwamba safari hii Waafrika walijisainia wenyewe. Tanzania nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka raia awe na kibali na atoe hesabu ya silaha yake.

Ninalolidai ni kwamba hesabu hiyo isiishie kwa raia. Askari anayefyatua risasi mtaani naye aulizwe ilikwenda wapi na kwa nini, aulizwe hadharani, na ajibu mbele ya mahakama. Leopold naye alihesabu risasi zake, tena kwa ukali, lakini alihesabu hasara ya risasi na si uhai wa mtu. Sheria ya silaha itakayompekua mvuvi wa Ujiji na kumpita mwenye sare bila kumuuliza, sisi tunaijua. Tulikwishaiona mwaka 1890.

Wabillahi tawfiq.