Bühlmann: Daktari aliyewapigia hesabu wapiga mbizi wa nchi za juu

Abiria wa reli ya kati anayeondoka Kigoma kuelekea Tabora hupanda mlima bila kujua. Ziwa Tanganyika liko meta 773 juu ya usawa wa bahari, na Tabora, kituo kikuu cha misafara ya kale kati ya Bagamoyo na Ujiji, iko karibu meta 1,200. Kwa wengi tofauti hiyo si kitu. Kwa aliyeshinda siku hiyo chini ya maji akivuta hewa ya mtungi, inaweza kuwa suala la kufa na kupona.

Aliyelitia jambo hilo katika hesabu ni daktari wa Uswisi, hayati Albert Alois Bühlmann. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1923, akafanya kazi yake kubwa katika Chuo Kikuu cha Zurich.

Mpiga mbizi anaposhuka, mgandamizo wa maji huifanya naitrojeni anayoivuta ijipenyeze katika damu na nyama za mwili. Akipanda haraka, mwili huwa kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo hutokea, navyo huleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. John Scott Haldane wa Scotland alikwisha kutoa majedwali ya kupanda kwa vituo mwaka 1908, lakini hayo yalitungwa kwa ajili ya baharini. Uswisi haina bahari. Ina maziwa ya milimani, ambako hewa ni nyepesi na viputo hutokea kwa urahisi zaidi.

Kazi ya Bühlmann ilikutana na msiba. Alimwandalia Mswisi mwenzake, Hannes Keller, michanganyiko ya gesi na ratiba za kupanda. Desemba 3, 1962, Keller na mwandishi wa habari wa Uingereza, Peter Small, walishuka zaidi ya meta 300 karibu na kisiwa cha Catalina, California. Keller alipona. Small alifariki dunia saa chache baadaye, na kijana Chris Whittaker, mmoja wa waliokwenda kuwasaidia, hakuonekana tena.

Daktari huyo hakuiacha kazi. Kwa miaka zaidi ya 20 aliendelea na majaribio ya watu katika chumba cha mgandamizo na katika maziwa ya milimani. Hatimaye aliugawa mwili, kihesabu tu, katika mafungu 16: la haraka hujaa nusu ya gesi kwa dakika chache, la polepole huchukua zaidi ya saa kumi. Mwaka 1987 hesabu zake zilijaribiwa katika Ziwa Titicaca, Amerika Kusini, takriban meta 3,800 juu ya bahari.

Jambo lililomtofautisha, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba hakuzificha. Alizichapisha kitabuni mwaka 1983, kanuni na tarakimu zake, yeyote azitumie. Alifariki mwaka 1994, kabla ya kuona matunda yake yote. Mwaka 2011 Linus Torvalds wa Finland, yule wa Linux, alianzisha Subsurface, programu ya kompyuta isiyolipiwa, ambayo hupanga safari za kina kwa kanuni hizo. Mtumiaji huingiza kina, dakika, aina ya gesi, na kimo cha mahali.

Hicho kimo kina historia yake huku kwetu. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 kwa njia ya misafara, walikikadiria kwa joto la maji yanayochemka, wakapunguza karibu meta 200. Enzi hizo kosa hilo liliwasumbua wanajiografia tu.

Leo mpiga mbizi wa Kigoma huandika 773, ndipo programu impe vituo vyake. Na akitaka kwenda Tabora, Bühlmann humhesabia reli hiyo kuwa bado ni kupanda kutoka majini: asubiri kwanza ufukweni, saa baada ya saa, gesi imtoke.