Baden-Powell, mwanajeshi aliyemtumia mama yake michoro ya vita

Hapa Goma maskauti wanajulikana kwa kile kitambaa cha shingoni. Wachache wanajua kwamba mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell, alikuwa mwanajeshi mchoraji, na kwamba kaburi lake si mbali sana na kwetu: liko Nyeri, nchini Kenya.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3, na mama, Henrietta Grace, akabaki na kundi la watoto wa kulea. Toka utoto aliweza kuchora kwa mkono wa kuume na wa kushoto vilevile. Mwaka 1876 aliingia jeshi la Uingereza, akatumwa India, kisha Afrika. Kila alikopelekwa alimwandikia mama yake, na kati ya maneno aliweka michoro ya watu na nchi alizoona. Michoro mingine aliuza kwa magazeti ya London, juu ya mshahara wa ofisa kijana haukutosha. Alisimulia pia kwamba katika upelelezi alichora kipepeo na kuficha ramani ya ngome ndani ya mabawa yake.

Jina lake lilivuma Afrika Kusini. Oktoba 1899 Makaburu walizingira mji wa Mafeking, na yeye ndiye aliyeuongoza kwa siku 217. Pesa zilipoadimika alichora mwenyewe noti ya pauni 1. Stempu za mji nazo zikabeba sura yake. Lakini barua hazikutoka kwa stempu tu. Zilibebwa na vijana weusi waliopenya katikati ya maadui usiku, kwa hatari ya kuuawa. Sura zao haziko kwenye stempu yoyote.

Na ndani ya mji, watu weusi ndio walioumia zaidi kwa njaa, ijapokuwa Wabarolong walishika bunduki kuulinda. Mmoja wa waliokuwemo ni Sol Plaatje, kijana mkalimani wa mahakama, aliyeandika katika daftari mambo ya kila siku. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1973. Anayetaka kuijua Mafeking asome yote mawili, michoro ya mkubwa wa jeshi na daftari la mkalimani.

Kuna jambo lingine ambalo halisahauliki. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, Baden-Powell aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa ametekwa, apigwe risasi. Jeshi lilichunguza, likamwona hana kosa.

Mwaka 1907 alikusanya vijana kama 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Ndiyo ilikuwa kambi ya kwanza ya skauti. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha maskauti, na michoro yake ni ya mkono wake mwenyewe.

Uzeeni, mwaka 1938, alihamia Nyeri na mke wake Olave, katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu. Hapo alichora wanyama na ndege wa Kenya, akatoa vitabu vya michoro hiyo. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83.

Juu ya kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati. Kila skauti, hata wa Goma, anaisoma alama hiyo: safari imekwisha, mwenyewe amerudi nyumbani.