Enzo Ferrari: Mzee Aliyeuza Ndai Zake Kuukuu, Leo Zinaenda kwa Mabilioni

Kila msee mtaani anajua hii: ukitoa ndai showroom leo, kesho asubuhi bei yake ishashuka. Za spoti nyingi hushuka vibaya, juu zinakunywa mafuta, service ni pesa mob na wanunuzi ni wachache. Lakini kuna mzee wa Italia ambaye magari yake yaligeuza hii hesabu juu chini. Huyo ni Enzo Ferrari, na usidhani alizaliwa sonko.

Enzo alizaliwa Modena, Februari 1898. Buda yake alikuwa na karakana ya chuma. Mwaka wa 1916 buda akaaga, na mwaka huo huo kaka yake Dino akafuata. Vita vya Kwanza vya Dunia vikambeba, akapewa kazi ya kuwavalisha nyumbu viatu vya chuma. Alitoka jeshini mgonjwa, mfuko mtupu. Akaenda Turin kusaka job FIAT, wakamkataa. Jamaa alikaa kwenye benchi ya bustani akalia.

Kufika 1920 alikuwa dereva wa mbio wa Alfa Romeo, na 1929 akaanzisha timu yake, Scuderia Ferrari. Wakakosana na Alfa 1939, na mkataba ukamzuia kutumia jina lake kwenye mbio kwa miaka 4. Akahamisha kiwanda Maranello 1943, kikapigwa mabomu. Bado akajenga tena, na 1947 gari la kwanza lenye jina la Ferrari, 125 S, likaingia barabarani.

Sasa hapa ndipo kuna maneno. Enzo alipenda mbio, si biashara. Magari ya barabarani aliwauzia matajiri ili apate doo ya kukimbia. Gari la mbio la msimu uliopita kwake lilikuwa chuma tu: auze, ama livunjwe spea ziende kwa lingine.

Mwaka wa 1956 mtoto wake, aliyempa jina la kaka yake Dino, alikufa kwa ugonjwa wa misuli akiwa na miaka 24. Mzee akawa anaenda kaburini kila asubuhi kabla ya kazi.

Kati ya 1962 na 1964 kiwanda kikatoa 250 GTO, gari 36 peke yake. Marekani ilikuwa kama dola 18,000 ikiwa mpya. Ilishinda sana, lakini magari ya injini nyuma yakaja, GTO ikaonekana mzee. Ndani ina joto, kelele, hakuna starehe. Bei ikaanguka. Moja ilipewa shule ya upili Texas wanafunzi wajifunzie ufundi, na 1972 ikauzwa dola 6,500. Mnunuzi akaiacha nje kwenye trela miaka mingi, mvua ikiinyeshea.

Enzo naye pesa zilikuwa zinambana. Mwaka wa 1969 akauza nusu ya kampuni kwa FIAT, walewale waliomnyima job.

Alikufa Agosti 1988 akiwa na miaka 90. Matajiri wakakimbilia magari yake, bei ikapaa, kisha miaka ya tisini ikaporomoka na wengi wakaungua. Ikapanda tena polepole. Mwaka wa 2018 GTO moja iliuzwa mnadani dola milioni 48.4, karibu bilioni 5 za Kenya kwa rate ya wakati huo.

Kabla uanze kusaka mkopo ununue ndai ya spoti ukisema ni investment, tulia. Ferrari Mondial, iliyotoka 1980 mzee akiwa hai, ina nembo ileile ya farasi, lakini zilitengenezwa zaidi ya 6,000 na hazikushinda mbio zozote kubwa. Mpaka leo ni kati ya Ferrari za bei ya chini kabisa. Nembo peke yake haiokoi bei. Kinachoiokoa ni uchache, historia ya ushindi, na karatasi zinazothibitisha injini ni ileile ya kwanza.

Na hata hivyo, aliyetengeneza GTO hakuonja hata senti ya hayo mabilioni. Yeye alishauza kitambo, akanunua spea za mbio za Jumapili iliyofuata.