C. S. Lewis: Kijana Aliyenunua Kitabu Stesheni



Leo sijawaletea mtakatifu. Nimewaletea msomaji wa vitabu, tena Mwanglikana, ambaye hakuwahi kuwa Mkatoliki hata siku moja. Msishangae. Kuna swali ambalo hujitokeza kila vijana tunapoongea habari za vitabu: hivi hadithi za kufikirika, zile za wanyama wanaoongea, majoka na wafalme wa nchi zisizokuwepo, zinampeleka mtu mbali na Mungu au vipi? Ningeweza kulijibu kwa hoja, maana falsafa imenifundisha kubishana. Lakini naona maisha ya Clive Staples Lewis yanalijibu vizuri zaidi kuliko hoja zangu, ingawa si kwa njia nyepesi tunayoipenda.

Alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 29 Novemba 1898. Nyumbani walimwita Jack, jina alilojichagulia mwenyewe akiwa mtoto mdogo akagoma kuitikia jingine lolote. Baba yake alikuwa mwanasheria, mama yake alikuwa na shahada ya chuo kikuu, jambo la nadra kwa mwanamke wa wakati ule. Nyumba ilijaa vitabu: sebuleni, kwenye ngazi, vyumbani, hadi juu darini. Hakuna aliyemkataza kugusa. Basi yeye na kaka yake Warren wakasoma, na waliposhiba kusoma wakatunga nchi yao wenyewe, Boxen, yenye wanyama waliovaa nguo, ramani, historia na hata wanasiasa. Sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi tunaelewa kabisa.

Agosti 1908 mama yao alikufa kwa saratani. Jack alikuwa na miaka 9. Alikuwa ameomba apone, na hakupona. Wiki chache baadaye alipelekwa shule ya bweni Uingereza, kwa mwalimu mkuu aliyepiga wanafunzi ovyo na ambaye mwishowe alithibitishwa kuwa na ugonjwa wa akili. Shule zilizofuata zilikuwa afadhali, lakini imani ilikuwa inamtoka taratibu. Hakuna mtu aliyemshinda kwa hoja moja kubwa. Ilipukutika tu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mliopata Kipaimara juzi juzi. Desemba 1914 Lewis alipokea kipaimara katika Kanisa la Ireland huku hamwamini Mungu. Alikubali ili asigombane na baba yake. Mzee alifurahi, kijana akanyamaza. Baadaye maishani alilihesabu tendo hilo kati ya mambo mabaya kabisa aliyowahi kufanya. Je, wangapi wetu tumewahi kusimama mbele ya askofu kwa sababu mama alishanunua nguo na ndugu walishaalikwa?

Mwaka huohuo, 1914, alipata rafiki. Ng'ambo ya barabara, karibu na nyumba yao, aliishi kijana mgonjwa-mgonjwa aitwaye Arthur Greeves. Jack alikwenda kumjulia hali bila hamu, akamkuta kitandani na kitabu cha visasili vya watu wa Skandinavia, vitu ambavyo Jack alivipenda kwa siri miaka yote akidhani yuko peke yake duniani. Kumbe kulikuwa na mwingine! Urafiki ulianza palepale, ukadumu karibu miaka 50.

Jack alipopelekwa Great Bookham, kijiji cha kusini mwa Uingereza, kusoma kwa mwalimu binafsi, mzee Kirkpatrick, wawili hawa waliandikiana karibu kila wiki. Barua hizo ni raha tupu kwa mtu yeyote anayependa vitabu. Jack anamweleza Arthur nani amemgundua safari hii, mwandishi gani ni lazima amtafute, toleo lipi lina karatasi nzuri, jalada lipi ni baya, kitabu gani ameagiza kwa posta na bado hakijafika. Malory alikuja na habari za Mfalme Arthur, William Morris akaja na safari zake ndefu za misituni. Mzee Kirkpatrick, ambaye hakuamini Mungu, alimnoa akili hadi ikawa kama wembe. Arthur, aliyeamini, alipokea mwaka 1916 barua ambamo rafiki yake alisema wazi kwamba haamini dini yoyote, kwamba zote ni visasili tu vilivyotungwa na watu. Arthur hakuacha kuandika. Nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Sasa tufike stesheni. Karibu kila wiki Jack alitembea hadi mji wa Leatherhead, na mara nyingine alirudi kwa treni. Kwenye stesheni palikuwa na kibanda cha vitabu. Siku moja ya Machi 1916 alinunua hapo nakala ya bei nafuu, yenye jalada chafu, ya riwaya iitwayo Phantastes. Alikuwa ameiona mara nyingi kabla na kuipita. Mwandishi wake, George MacDonald, alikuwa mchungaji wa Kiskoti aliyekufa mwaka 1905, na riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1858. Kijana katika hadithi anaamka asubuhi na kukuta maji ya beseni la kunawia yanamwagika na kuwa kijito, zulia linageuka majani mabichi, na chumba chake chote kinakuwa njia ya kuingia msituni. Jack aliisoma usiku huo. Haukupita muda akamwandikia Arthur kwamba lazima aitafute haraka.

Je, aliongoka? Wala! Alibaki bila Mungu kwa zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana napenda kisa hiki. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba usiku ule uwezo wake wa kuwaza kwa picha ndio uliobatizwa, na sehemu nyingine za nafsi zilichelewa sana. Alikuwa amekutana na wema unaovutia, wema usio wa kuchosha, na hakujua bado kwamba jina lake ni utakatifu. Tukitumia lugha ya darasani, utashi na akili vilikuwa nje mlangoni bado, lakini kitu fulani ndani yake kilikuwa kimeshaingia.

Kisha vita. Alifika kwenye mahandaki ya Ufaransa siku aliyotimiza miaka 19. Alipougua homa akalazwa hospitali, akasoma hapo kwa mara ya kwanza insha za G. K. Chesterton, akampenda mwandishi huyo bila kukubaliana naye. Aprili 1918 alijeruhiwa kwa kombora. Rafiki yake Paddy Moore alikufa vitani, na Lewis alimtunza mama wa rafiki huyo hadi alipofariki mwaka 1951. Hayo mengine niyapite.

Oxford ndipo maisha yake yalipotulia. Ni mji wa wasomaji, wenye duka la Blackwell pale Broad Street, lililoanza mwaka 1879 likiwa chumba kidogo tu. Mwaka 1925 Lewis alipata kazi ya kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Magdalen. Mwaka uliofuata alikutana na profesa mmoja mwembamba aliyeongea haraka haraka, J. R. R. Tolkien. Huyu alikuwa Mkatoliki kwelikweli. Mama yake aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, ndugu wakamnyima msaada, akafa mwaka 1904 akiwaacha watoto wawili mikononi mwa padre, Francis Morgan, aliyewalea. Tolkien alimwona mama yake kama shahidi. Ukijua hilo unaelewa kwa nini hakuichukulia imani yake kimchezo.

Mwaka 1929 Tolkien alimpa Lewis asome shairi lake refu ambalo halijachapishwa, la mapenzi ya Beren na Lúthien. Lewis alikesha nalo. Fikirieni: mgunduzi wa vitabu amegundua safari hii mwandishi ambaye hayupo dukani bado! Kuanzia hapo alimsukuma. Alisoma Hobbit kabla haijachapwa, na ilipotoka mwaka 1937 akaandika uhakiki wa kuisifu gazetini. Ile kazi kubwa, The Lord of the Rings, ilichukua zaidi ya miaka 10 kuandikwa, na Tolkien mwenyewe alikiri kwamba bila kutiwa moyo na Lewis asingeimaliza.

Lakini nilitaka kufika usiku wa tarehe 19 Septemba 1931. Kufikia hapo Lewis alikuwa ameshakubali kwamba Mungu yupo, baada ya miaka ya kupingana naye. Kristo ndiye aliyemsumbua. Usiku ule alitembea na Tolkien na Hugo Dyson kwenye njia ya miti nyuma ya chuo, kisha wakaendelea kuongea chumbani hadi saa tisa usiku. Hoja yao ilikuwa hii: unapokuta katika visasili mungu anayekufa na kufufuka, unaguswa hadi machozi. Kwa nini ukikutana na jambo lilelile katika Injili unaweka ulinzi? Habari ya Kristo inagusa moyo kwa namna ileile, ila hii ilitokea kweli, mahali panapojulikana, chini ya Pontio Pilato. Siku chache baadaye alipanda pikipiki ya kaka yake, akiwa kwenye kiti cha pembeni, kwenda kuangalia wanyama Whipsnade. Alipoondoka alikuwa hamwamini Kristo kuwa Mwana wa Mungu. Alipofika, anaamini. Tarehe 1 Oktoba akaandika barua. Mnajua kwa nani? Kwa Arthur.

Imani haikumfanya aache kutafuta waandishi wapya. Mwaka 1936 rafiki alimwazima riwaya ya Charles Williams, mfanyakazi wa shirika la uchapishaji, ambamo mawazo ya Plato yanavamia kijiji cha Uingereza kwa umbo la wanyama, simba akiwa mmoja wao. (Mtu wa falsafa akisoma muhtasari huo tu anatamani kukiona.) Lewis alimwandikia mwandishi barua ya kumsifu, wakati ambapo Williams naye alikuwa anajiandaa kumwandikia kusifu kitabu cha Lewis. Wakawa marafiki wakubwa. Mwaka 1942 alimgundua E. R. Eddison, akamwandikia kwa Kiingereza cha kale cha utani na kumkaribisha Oxford. Hata uzeeni, mwaka 1958, alimwandikia Mervyn Peake kumshukuru kwa vitabu vyake. Akipenda kitabu, hakunyamaza. Mwandishi aliambiwa, marafiki waliambiwa, na kikiwa bado muswada kilisomwa kwa sauti Alhamisi usiku chumbani kwake, mbele ya kundi la marafiki lililojiita Inklings.

Narnia ilianza kutoka mwaka 1950, na Tolkien hakuipenda. Ndiyo, marafiki hawa walitofautiana. Tolkien alisikitika pia kwamba Lewis alirudi katika Kanisa la utoto wake na siyo Roma, akaona chuki za zamani za Belfast hazikumtoka zote. Mimi sitalificha hilo, wala sitamgeuza Lewis awe Mkatoliki wa siri. Ni kweli aliungama kwa padre wa Kianglikana kuanzia mwaka 1940, aliwaombea marehemu na aliamini toharani. Aliishia hapo.

Kuna kisa kimoja ambacho kwetu kina uzito wa pekee. Mwaka 1947 padre mmoja wa Verona, Italia, alisoma tafsiri ya kile kitabu cha Lewis ambamo shetani mzee anamfundisha mpwa wake kazi. Padre alitaka kumwandikia mwandishi lakini hakujua Kiingereza. Akaandika kwa Kilatini! Lewis akajibu kwa Kilatini. Waliandikiana hadi padre alipofariki mwaka 1954, kuhusu umoja wa Wakristo na dhambi zao za kawaida, wakiombeana. Hawakuwahi kuonana. Padre huyo ni Giovanni Calabria, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1999. Kwa hiyo simu ya mtakatifu, tuseme hivyo, ilipigwa kupitia kitabu cha kubuni.

Na kwa wale wanaosoma vitabu vipya tu, Lewis alikuwa na ushauri mgumu. Aliutoa mwaka 1944 katika utangulizi wa kitabu cha Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, Mwafrika mwenzetu, juu ya Umwilisho: ukimaliza kitabu kipya, soma cha zamani kabla ya kushika kipya kingine. Ukishindwa, basi cha zamani kimoja kwa kila vipya vitatu.

Alioa akiwa mtu mzima, mwaka 1956. Mkewe, Joy Davidman, alikufa kwa saratani mwaka 1960, ugonjwa uleule uliomchukua mama yake. Safari hii maombi hayakumwacha bila Mungu, ingawa aligombana naye sana na kuyaandika yote.

Tarehe 21 Novemba 1963, akiwa mgonjwa na amestaafu, alimjibu mtoto mmoja aliyemwandikia kuhusu Narnia, akampongeza kwa barua nzuri. Kesho yake jioni alianguka chumbani akafa, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 65. Dunia haikusikia, kwa sababu siku hiyohiyo Rais Kennedy aliuawa kule Dallas. Lewis alikuwa na tabia ya kutupa barua alizopokea, kwa hiyo za Arthur za ujana karibu zote zimepotea. Arthur alizitunza za kwake, karibu 300, na ndiyo sababu leo tunajua ni mwezi gani kijana yule alisimama stesheni ya Leatherhead akanunua kitabu chenye jalada chafu.