Theodore von Kármán na Zamu ya Vizingia

Mpiga upondo wa Hewani, katika eneo la Garsen, huiona ishara hii kila siku: upondo uliochomekwa katika Mto Tana huacha nyuma yake vizingia vidogo vya maji, kimoja kuumeni, kingine kushotoni, kwa zamu. Aliyeieleza zamu hiyo kwa hisabati ni Theodore von Kármán.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 11 Mei 1881. Utotoni aliweza kuzidisha tarakimu nyingi kichwani. Baba yake, mwanaelimu mashuhuri, akahofia kuwa kipaji hicho kingemlemaza, akamzuia hisabati kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, mwaka 1908 alihitimu shahada ya uzamivu Göttingen, Ujerumani, chini ya Ludwig Prandtl.

Mwaka 1911, Karl Hiemenz, mwanafunzi mwingine wa Prandtl, alikuwa akipitisha maji kandokando ya mcheduara. Mkondo haukutulia. Aliambiwa kwamba mcheduara wake haukuviringika barabara; akausawazisha kwa bidii, mkondo ukaendelea kuyumba. Kármán alishuku kwamba kosa halikuwa la fundi. Alikokotoa, akabaini kuwa safu mbili za vizingia vinavyokabiliana hazidumu. Hudumu zile zinazopishana, tena upana baina ya safu ukiwa takriban 0.28 ya umbali baina ya kizingia na kifuatacho katika safu yake. Mfaransa Henri Bénard alikuwa ameviona vizingia hivyo kabla yake, na ubishi ukazuka kuhusu aliyetangulia. Sifa ya Kármán ni kueleza sababu.

Mwaka 1930 alihamia California, Marekani. Daraja la Tacoma Narrows lilipoporomoshwa na upepo tarehe 7 Novemba 1940, alikuwa mmoja wa wataalamu watatu walioteuliwa kuchunguza. Yeye alivitilia mkazo vizingia. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kiini kilikuwa mtetemo wa daraja lenyewe, uliojichochea kadiri lilivyojipinda.

Alifariki Aachen, Ujerumani, tarehe 6 Mei 1963. Mwaka huohuo, Jacob Fromm na Francis Harlow walichapisha uigaji wa kompyuta uliozichora safu zile nyuma ya kizuizi. Leo, mkondo unaoupita mcheduara ni miongoni mwa majaribio ya awali ya programu za uigaji: programu isiyoizaa zamu ile, kasi inapotosha, haiaminiki. Hivyo, kilichodhaniwa kuwa kasoro ya Hiemenz kimekuwa kipimo cha ukweli.